Kizibo Chekundu

Nyakatuntu, Kyerwa
9 Septemba 2023

Daktari Anatolia,

Kreti inakuja na basi. Chupa mbili kama ulivyosema. Ya kizibo chekundu nimechota juu, kabla mto haujafika shamba la Nyirabageni. Ya kizibo cheupe nimechota chini, mto ukishapita shamba lake. Ulisema kila kreti iende na karatasi, niandike mvua, rangi ya maji, na nilichokiona. Haya.

Mvua hakuna. Maji ya juu meupe. Maji ya chini meupe. Nimeona korongo wawili na ng'ombe wa mtu, sijui wa nani.

Mwandiko wangu mbaya. Niliacha shule darasa la tatu. Tangu hapo mkono umeshika jembe.

Chupa zako zilikuja na vumbi la njiani. Nimezisugua kwa majivu na majani makavu ya mgomba mpaka zikang'aa. Chombo cha mtu hakirudi kwake kichafu.

Watu hapa hawajaelewa wewe ni daktari wa nini. Jirani yangu mmoja kaniuliza kama una dawa ya mgongo. Nikamwambia huyu anapima maji na matope. Akasema basi aje ampime mume wangu, akinywa pombe ya lubisi analala humo humo matopeni.

Mimi Polikarpi Kahigi
kibarua


Mwanza
21 Septemba 2023

Mzee Polikarpi, shikamoo.

Kreti imefika salama. Barua yako niliisoma maabara, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaja kuangalia kuna nini. Mwambie jirani mume wake nitampima akikauka.

Sasa sikiliza, mzee wangu, wala usijisikie vibaya. Chupa usizioshe kwa majivu. Najua nyumbani chombo cha maji hakiwi chombo mpaka kimesuguliwa majivu. Hata mama yangu kule Ihembe anafanya hivyo. Lakini majivu yana chumvi zake. Yakibaki kidogo tu, mashine yangu inapima jiko lako badala ya mto. Fika mtoni, suuza chupa mara tatu kwa maji ya hapo hapo, kisha jaza na ufunge.

Nakukumbusha kazi yenyewe. Mto unajaa matope, na watu wa chini wanachota humo. Chupa zako mbili ndizo zitakazosema matope yanaingilia wapi. Zote zikiwa chafu, yanatoka juu. Ya juu ikiwa safi na ya chini ikiwa chafu, yanatoka katikati, yaani shambani kwa Nyirabageni. Kijiji kitatumia ripoti yangu kuamua nani abaki bondeni na nani aondoke. Kwa hiyo hizi si chupa tu.

Pengine unajiuliza kwa nini nilikuchagua wewe mkutanoni. Niliuliza zamani kinamasi cha mto huu kilikuwa na kina gani. Kila mtu akanijibu, mmoja kiuno, mwingine shingo. Wewe ukasema, "Sijui, sijapima." Ndipo nikawaambia watu huyu ndiye macho yangu huku, na wakakupigia makofi.

Wako,
Anatolia Kamuhabwa


Nyakatuntu
14 Oktoba 2023

Daktari,

Marahaba.

Majivu nimeacha. Nasuuza mara tatu, nahesabu kwa sauti. Nyirabageni akinisikia anapiga kelele kutoka shambani, "Polikarpi, leo mkojo wa mto unasemaje? Una mimba?" Mimi namjibu, "Subiri majibu ya Mwanza."

Mvua imeanza. Maji ya juu meupe. Ya chini meupe, kidogo kama maji ya kuoshea mchele.

Huyo Nyirabageni nikuambie ni mtu gani. Shamba lake la magimbi liko kando ya mto, analilima tangu babake. Lina matandazo ya nyasi, unene wa kiganja. Hata mvua ikinyesha, udongo wake haukimbii. Marehemu mke wangu Vestina alipolazwa Nyakahanga, mimi nilikuwa kwenye vibarua Karagwe nakata miti. Nyirabageni ndiye aliyekaa naye. Alilala sakafuni siku kumi na moja. Alimwosha. Mimi nilifika siku ya mwisho.

Yale makofi. Hakuna mtu alishawahi kunipigia makofi. Hata siku ya ndoa padri alikuwa na haraka.

Nimepata kibarua kwa Cleophace. Kuchimba. Maji nitachota Jumamosi, Jumamosi hatuchimbi sana.

Polikarpi


Nyakatuntu
18 Novemba 2023

Daktari,

Mvua nyingi. Maji ya juu meupe. Maji ya chini kama chai ya maziwa.

Sijaona kitu.

Polikarpi


Mwanza
2 Desemba 2023

Mzee Polikarpi, shikamoo.

Nina swali moja. Maji ya kizibo chekundu yamebadilika ghafla. Ni safi sana, lakini chumvi zimepanda mara nne kuliko Oktoba. Maji ya kinamasi hayafanyi hivyo. Nimekaa nayo siku mbili, nikakumbuka barua yako ya kwanza. Je, mkono ulisahau, ukaosha kwa majivu tena? Kama ni hivyo niambie tu, hakuna ubaya, nitajua namna ya kusahihisha.

Jingine. Karatasi imekuwa fupi. Sina habari za jirani wala za mumewe. Unaumwa?

Anatolia


Nyakatuntu
9 Desemba 2023

Daktari,

Ndiyo. Niliosha kwa majivu. Mkono ulisahau. Nisamehe.

Siumwi.

Maji ya juu meupe. Ya chini matope.

Polikarpi


Mwanza
20 Januari 2024

Mzee Polikarpi, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Ya majivu yamekwisha. Chumvi nimeziweka pembeni, sizitumii. Matope hayaguswi na majivu: tunayachuja kwenye karatasi, tunayakausha, tunayapima. Na matope yamesema wazi. Miezi mitatu mfululizo maji yanafika shambani kwa Nyirabageni yakiwa safi, yanatoka yakiwa machafu.

Kijiji kimeomba ripoti ya kwanza kabla ya masika. Nimeituma. Sikupenda nilichokiandika. Nimeandika kwamba matope yanatoka kwenye shamba lile, na kwamba mwenye shamba asaidiwe kuhama nje ya mita sitini kutoka mtoni, kama sheria inavyotaka. Nimekumbuka ulivyoniambia juu ya matandazo yake. Lakini siwezi kuandika kwa moyo wakati chupa zinasema vingine.

Naomba umweleze kabla hajasikia mkutanoni. Wewe anakusikiliza.

Ndani ya kreti kuna chupa mpya zilizofungwa kwa nailoni. Usizifungue mpaka mtoni. Usizioshe kwa chochote.

Anatolia


Nyakatuntu
17 Februari 2024

Daktari,

Ripoti imesomwa mkutanoni. Uliniambia nimweleze kabla. Sikumweleza. Nilifika mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa kibanja chake nikarudi.

Amepewa wiki mbili. Kijiji kinatafuta vibarua wa kung'oa magimbi.

Chupa mpya nimechota. Juu meupe. Chini matope.

Polikarpi


Nyakatuntu
3 Machi 2024

Kwako Daktari wa Matope,

Mimi ni Nyirabageni. Hunijui. Uliniona siku ya mkutano, nilikuwa nimekaa mbele na kitenge cha njano, ukanipa mkono. Leo nakuandikia mwenyewe, nilisoma mpaka darasa la saba, na karatasi nimemwomba Polikarpi aiweke kwenye kreti yako.

Magimbi yangu yamekwisha. Wamekuja Jumatano, vibarua watano, na mgambo mmoja wa kuwalinda. Wa kuwalinda na nani? Na mimi? Mimi nina goti moja zima.

Mkutanoni mtu alisimama akasema, "Hawa wa kuja ndio wanaomaliza mabonde yetu." Watu wakaitikia. Daktari, mimi nimezaliwa hapa. Aliyevuka mpaka ni baba yangu, na hata yeye hajaondoka, kaburi lake liko nyuma ya jiko. Miaka yote tunaambiwa wa kuja, lakini ilikuwa maneno tu. Wewe umewapa karatasi yenye mhuri.

Nataka unijibu kitu kimoja. Uliwahi kuingia shambani kwangu? Uliwahi kuinua matandazo ukaona chini kuna nini? Ungekuta minyoo minene kama kidole na udongo mweusi uliotulia. Udongo wangu haujawahi kunitoroka. Nimeulea kuliko watoto, watoto ndio waliotoroka.

Afadhali Polikarpi alikuwa mmoja wa wale vibarua. Wengine walikuwa wanakatakata kwa majembe kama wanaua nyoka. Yeye aling'oa taratibu, akapanga miche pembeni, akaifunika nyasi ili nikapande kwingine. Namjua, ana aibu kwa ajili yangu. Ni mtu mzuri huyo, usimlaumu, yeye anachota tu.

Nakwenda Murongo kwa kaka yangu Nsanzimana. Anabeba mizigo pale mpakani. Ana chumba kimoja. Nitalala na magunia.

Nyirabageni binti Uwiringiyimana


Mwanza
16 Machi 2024

Mzee Polikarpi,

Shikamoo. Nimepata barua ya Nyirabageni. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Kuna mambo mawili.

La kwanza. Chupa zile mpya zilizofungwa nailoni hazikuguswa na majivu, zilitoka maabara zikiwa safi na nilikuomba usizifungue mpaka mtoni. Na bado maji ya kizibo chekundu yana chumvi zile zile. Basi hayakuwa majivu, si Februari wala Novemba. Maji yale hayatoki kwenye kinamasi. Ni maji ya mwambani.

La pili. Nimeweka matope ya kizibo cheupe chini ya darubini. Yana chembe nzito, nyeusi, zenye kung'aa. Ni bati. Bati halitoki kwenye shamba la magimbi. Linatoka pale watu wanapochimba na kuosha mchanga.

Sitaki kubahatisha, nilishabahatisha mara moja na mwanamke amepoteza shamba. Nakuuliza wewe uliyepo. Nani anaosha bati huko juu? Na maji ya kizibo chekundu uliyachota wapi?

Anatolia


Mwanza
6 Aprili 2024

Mzee Polikarpi,

Kreti imefika. Chupa ni tupu. Karatasi hakuna.

Nasubiri.

Anatolia


Nyakatuntu
20 Aprili 2024

Daktari,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu nimewashia moto. Hii nitaimaliza.

Maji ya kizibo chekundu nilichota kwenye chemchemi ya mwambani, nyuma ya kanisa. Tangu Novemba. Kila mara.

Kibarua changu kwa Cleophace kilikuwa cha bati. Kule juu nyuma ya mikaratusi ana eneo. Tulichimba shimo, tukakata mfereji, tukaugeuza mto uingie shimoni tuoshee mchanga. Maji yakitoka shimoni yanarudi mtoni. Yanarudi juu ya pale unapotaka kizibo chekundu. Mfereji nimeuchimba mimi. Wengine walikuwa shimoni. Mfereji ni wangu, hatua arobaini na mbili.

Jumamosi ile ya kwanza nilikwenda kuchota. Maji yalikuwa kahawia. Nikainama. Nikasuuza mara moja, mara mbili. Ya tatu nikaacha. Niliona ukifungua chupa ile utanikuta mimi humo ndani. Ulisimama mbele ya watu ukasema huyu ndiye macho yangu. Na mimi ndiye tope.

Nikapanda mpaka mwambani nikajaza maji meupe. Nikasema ni mara hii moja.

Nataka ujue sikutishwa. Ungependa nikuambie Cleophace alinishikia panga. Hapana. Cleophace hakujua hata chupa zina kazi gani. Alikuwa amekaa kwenye jiwe anatafuna muwa, akaniona na kreti, akasema, "Polikarpi bwana, siku sita unachafua, ya saba unapima. Hata Mungu hakupanga hivyo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sikupewa kitu cha kudanganya. Sikutaka tu wale watu walionipigia makofi wajue.

Halafu ukaniuliza majivu. Uliniletea uongo kama mtu anavyomletea mgeni kiti. Nikakaa.

Nilidhani ripoti itasema mto una matope, basi, watu watapiga domo na mambo yataisha. Ulishaniandikia mwanzo, ya juu ikiwa safi na ya chini ikiwa chafu ni katikati. Nilisoma. Sikutaka kujua nimesoma. Iliposomwa mkutanoni jina lake likitajwa, nilikuwa nimekaa nyuma kwenye ukuta. Mdomo ulikuwepo. Sikuutumia.

Kijiji kilipotafuta vibarua wa kung'oa, nilikwenda. Nikajiambia nisipokwenda watu watauliza kwa nini. Nyirabageni alisimama kwenye tuta akaniona. Akasema, "Ee waitu, ndugu yangu, afadhali wewe, Polikarpi." Akaenda ndani akaniletea uji kwenye kikombe chake cha bati, mimi peke yangu, wengine hakuwapa.

Nikaunywa.

Barua yake kwako alinipa mwenyewe niiweke kwenye kreti. Haikufungwa. Niliisoma. Aliandika mimi ni mtu mzuri. Niliikunja tena nikaiweka pamoja na maji ya uongo, ikaja kwako.

Vestina angekuwa hai asingenipa chakula.

Fanya unavyoona.

Polikarpi


Mwanza
27 Aprili 2024

Mzee Polikarpi,

Nimekasirika, na sitakuficha. Nilipomaliza barua yako niliifunika kwa mkono.

Lakini kuna jambo hulijui. Siku niliyokuja kijijini, nilifika pale pa kizibo cheupe kwa sababu gari linafika. Pale pa juu kulikuwa na mwendo wa saa moja, mvua ilikuwa inakusanyika, na nilikuwa na viatu vya mkutano. Nikanyoosha kidole nikasema, "Utachota kule." Sijawahi kukanyaga kule. Ningepanda mara moja tu, mwezi wowote kati ya miezi ile, ningekuta mfereji wako kwa macho. Nyirabageni ameniuliza kama niliwahi kuingia shambani kwake. Sikuingia. Wewe ulimdanganya mtu aliyetaka kudanganywa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwake.

Chumvi ziliniambia ukweli mapema Desemba. Nikaziweka pembeni, maana wewe ulisema majivu, na mimi nilitaka ripoti iishe.

Ripoti nimeifuta. Nitakuja tarehe 11 Mei kusimama mkutanoni. Nitasema kosa langu mbele ya watu wote. Lako sitalisema, wala sitataja jina lako. Utalisema mwenyewe au utakaa nalo.

Kreti usilete tena.

Anatolia


Nyakatuntu
25 Mei 2024

Daktari,

Hii inakuja kwa mkono wa Novatus wa bodaboda mpaka Nkwenda, halafu konda. Sina kreti.

Ulikuja, ukapanda mpaka juu kwa miguu. Ukasema mbele ya watu kwamba matope hayakutoka ulipodhani, na ukajisema wewe kwa kutokwenda kuangalia. Ukakaa. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye la kuongeza?" Uliniangalia. Watu hawakujua unaangalia nini.

Sikusimama.

Uliona. Uliondoka bila kuniaga na ulikuwa na haki.

Nilikaa siku tatu. Ya nne nikaenda Murongo. Nsanzimana anakaa nyuma ya magodauni. Nyirabageni alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Akafurahi. Akasema, "Umeniletea habari za nyumbani?" Nikasema nimeleta. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Chemchemi, mfereji, majivu, mkutano. Hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha kwenye sufuria.

Akaniuliza swali moja. Akasema, "Ule uji ulikunywa wote?"

Nikasema wote.

Akasogeza sufuria. Halafu akasema, "Mimi unaniambia ya nini? Mimi sikusemwa Murongo. Nilisemwa pale, watu wakaitikia. Nenda kaseme pale niliposemwa. Ukimaliza usije kuniambia umesema. Nitasikia."

Sikukaribishwa kukaa. Nsanzimana alinisindikiza mpaka barabarani, mtu mpole, mgongo umepinda kwa mizigo. Hajui lolote. Alinishukuru kwa kumtembelea dada yake.

Mkutano mwingine ni mwezi ujao. Nakuandikia ili nisiwe na pa kurudi.

Polikarpi


Nyakatuntu
13 Julai 2024

Daktari,

Nimesema.

Ilikuwa Juni 22. Nilinyoosha mkono, mwenyekiti akadhani nataka kutoka nje. Nikasema hapana, nataka kusema. Nilisema vibaya. Nilianza na mfereji nikarudi kwenye chupa nikaruka kwenye uji. Mtu mmoja akasema, "Mzee, taratibu, maji gani?" Nikaanza tena.

Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kilikuwa kibaya. Walikuwa wananiangalia kama wanaangalia ng'ombe aliyevunjika mguu. Cleophace akasimama akasema, "Huyu ni kibarua tu. Kibarua hana mto." Nikamwambia, "Mto sina. Mfereji ninao, twende nikauoneshe." Tukaenda, watu kama thelathini. Nikauonesha. Nikahesabu hatua kwa sauti.

Yule aliyesema wa kuja ndio wanaomaliza mabonde alikuwa mbele yetu. Alipofika shimoni akaanza kuongea habari za mvua.

Agizo la kumwondoa Nyirabageni limefutwa. Cleophace ameambiwa afukie. Amekataa, kesi iko wilayani, sijui itakwishaje. Mfereji nimeufukia mimi. Siku nane. Cleophace aliniambia nikigusa eneo lake nisitafute kazi kwake tena wala kwa nduguze. Sina kazi kwao sasa.

Watu wananisalimia. Ni salamu fupi. Jirani yangu wa mgongo haniletei tena maneno ya mumewe.

Nyirabageni alirudi Julai mosi. Alikuja na gunia moja na Nsanzimana. Hakuja kwangu. Alituma neno kwa Novatus. Neno lilikuwa hili: "Aliyeng'oa apande. Mchana, watu wakipita. Na asiniongeleshe."

Ndiyo kazi niliyonayo. Miche ile niliyofunika nyasi mingi ilioza. Nimeomba mingine kwa watu wa kule chini, wale wanaochota mtoni. Wamenipa. Wengine walinipa bila kunitazama. Napanda asubuhi mpaka jua linapokaa utosini, halafu nakata nyasi za matandazo.

Yeye anakuja kila siku na kigoda. Anakaa kwenye tuta, goti bovu amelinyoosha. Kila anayepita anamsalimia. Anauliza habari za watoto, za mbuzi, za kahawa. Anacheka nao. Mimi nikiwa hatua tatu kutoka kwake hanioni. Siku ya kwanza mpaka ya nane ilikuwa hivyo. Sikulalamika. Sijakuandikia nilalamike.

Nilijua sitasamehewa, na nikaona ni sawa, nikimaliza mstari wa mwisho nitakwenda zangu na jembe.

Leo ni siku ya tisa. Nilikuwa nimeinama, nimeshindilia mche, nimesogea kwenye mwingine. Nikasikia sauti nyuma. Nilidhani anaongea na mpita njia. Nikageuka. Njia ilikuwa haina mtu.

Alikuwa ananyoosha fimbo kwenye mche.

Akasema, "Huo umebana. Ng'oa."

Nikang'oa. Nikapima hatua. Nikapanda upya.

Polikarpi Kahigi